Chetezo Nilichokisugua

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa natembea na funguo kumi na moja kiunoni, na kila nilipopita penye watu nilihakikisha zinasikika. Nilikuwa mtunzaji wa ukumbi mmoja wa mtaa mashariki mwa Saint Paul, unapokaribia kuingia Maplewood. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni na ya mwisho wa wiki. Mchana nilikuwa Golden Valley, kwenye kampuni kubwa yenye bustani na bata, nikisukuma kigari cha barua kutoka meza hadi meza. Nilikwenda Marekani kusoma. Nikasoma, nikapata cheti changu, na cheti kikanifikisha kwenye chumba cha barua. Watu niliowapelekea barua walinyoosha mkono bila kuinua macho. Kwa hiyo nilipofika ukumbini na kuzifunga zile funguo kiunoni nilikuwa mtu mwingine kabisa, na mtu huyo hakuwa mzuri. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane kwamba ubaya wangu wa miaka ile haukunitoka kwa bahati mbaya. Niliufurahia.

Ukumbi ulikodishwa na kila aina ya watu: wazee wa bingo, walevi walioacha pombe, maharusi wasio na pa kufanyia sherehe. Jumapili, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ulikuwa wa watu wa Dao.

Sikuwa nimewahi kuisikia dini hiyo. Dao, waliniambia, maana yake ni njia, nami nikajisemea moyoni kwamba watu wa njia hawa wameshindwa hata kupata nyumba. Walikuwa kama kumi na watano na hawakuwa na hekalu. Walikuwa wameshapita kwenye chumba cha chini cha kanisa, kwenye darasa la shule, na kwenye gereji ya mtu, na kote walitolewa kwa sababu ya moshi. Nusu yao walikuwa Wamarekani weupe waliofuata mazoezi: kusimama nusu saa huku mikono imezunguka hewa, kama mtu aliyekumbatia pipa. Nusu nyingine walikuwa Wachina waliotoka Vietnam kama wakimbizi, na hao walifuata miungu.

Kila Jumapili walifika na maboksi ya ndizi. Walifungua meza ya kukunja, wakatandika kitambaa chekundu, wakatundika picha tatu za wazee wenye ndevu, wakapanga machungwa na vikombe vya chai, na mbele ya vyote wakaweka chetezo. Ikifika saa kumi na nusu walikunja kila kitu na kukirudisha kwenye maboksi. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama saa. Saa kumi na moja na dakika moja nilizima taa, wawe wamemaliza wasiwe wamemaliza.

Siku ya kwanza nilimzimia taa bibi mmoja akiwa bado amepiga magoti. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na alikuwa amekula chumvi nyingi; huenda alikuwa na miaka themanini. Hakugeuka kutazama ni nani aliyezima. Alimaliza kuinama kwake gizani, mara tatu, kisha akainuka kwa kushika ukingo wa meza. Alipopita mlangoni aliniinamia pia. Nilidhani ananikejeli, nikakasirika.

Huyo bibi ndiye aliyekuwa na chetezo. Marehemu mumewe alikuwa kasisi wao, na alifariki kabla sijapata kazi pale. Baada yake kundi liliongozwa na mwalimu wa mazoezi, Mmarekani mstaafu mwenye nywele za mvi alizozifunga nyuma kwa mpira. Mwalimu alikuwa amesoma vitabu vyote. Alizungumza polepole, akitabasamu kila baada ya sentensi, na sikumwona hata siku moja akibeba boksi. Kwa maoni yake, Dao halina nyumba wala halina sanamu, na yale mambo ya machungwa na udi yalikuwa mila za vijijini ambazo mtu mwenye akili huzivumilia kwa heshima. Aliivumilia meza ya bibi kwa kuihamisha. Kwanza ilikaa mbele ya ukumbi, kisha pembeni, na ilipofika Novemba ilikuwa kwenye korido ya vyoo. Alisema wanafunzi wapya wanaitazama mno na kupoteza utulivu.

Mimi nami nilikuwa na sheria yangu: hakuna moto ndani ya ukumbi. Ilikuwa sheria ya kweli, imebandikwa ukutani, lakini ningeweza kuilegeza. Jikoni kulikuwa na feni kubwa juu ya jiko, ya kuvuta moshi, ambayo ingevuta udi wa vijiti vitatu bila hata kung'amua. Sikuwaambia. Majira yote ya baridi ya kwanza bibi alitoka nje ya mlango wa jiko, nyuzi ishirini chini ya sifuri, akakiweka chetezo juu ya zege na kuwasha vijiti vyake huku mjukuu wake amemkingia upepo kwa koti. Kiberiti kilizimika mara nne, mara tano. Nilikuwa nawatazama kupitia kioo cha mlango, na kikombe changu cha chai mkononi. Mwenye nguvu mpishe, nilikuwa najiambia. Nao walinipisha.

Mjukuu ndiye aliyekuwa ulimi wake. Alikuwa msichana wa chuo, mwenye miwani, aliyekuja kwa sababu mama yake alimwamuru amwendeshee bibi gari. Bibi alimsemesha Kichina, yeye akamjibu Kiingereza, na walielewana hivyo hivyo. Mwaka wa pili, mwezi wa Januari, walinijia wawili jikoni baada ya ibada. Bibi alikuwa amekipakata chetezo kama mtoto.

"Bibi anaomba umtunzie hiki," msichana akasema. "Huwa anakipakata kwenye gari kila Jumapili, hairuhusiwi kukiweka chini. Juzi baba ndiye aliyetuleta, akafunga breki ghafla, majivu yakamwagika kwenye kiti. Baba amesema hakiingii tena kwenye gari, wala nyumbani."

Baba huyo alikuwa mkwe wa bibi, mwenye nyumba mpya kule Woodbury, yenye mazulia meupe kila chumba. Bibi aliishi humo katika chumba kimoja juu, na hata picha ya mumewe aliambiwa aiweke ndani ya kabati.

Ndipo msichana akanieleza kuhusu yale majivu. Hekalu lao la kwao, kwenye mji walikozaliwa babu zake, lilikuwa na chetezo ambacho hakijawahi kumwagwa. Hekalu jipya likianzishwa, watu huenda kuchota majivu kwenye chetezo cha hekalu la zamani. Vijiko vitatu tu, na hivyo ndivyo hekalu linavyozaliwa. Ukuta na paa ni ziada. Bibi na mumewe walipokimbia walichukua majivu hayo kwenye kopo la maziwa ya unga. Walikaa nalo kambini miaka miwili, wakafika nalo Minnesota. Kila kijiti kilichowashwa tangu siku ile kilidondosha majivu yake juu ya yale ya zamani. Mwisho wa mwaka, chetezo kikijaa, bibi hupunguza kidogo kwa kijiko. Hakimwagwi. Hakioshwi ndani.

"Anasema sisi hatuna hekalu," msichana alisema, na nikaona anaona haya kuyatafsiri. "Anasema hekalu ni hili lililomo humu."

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla hajafa, mume wa bibi alikuwa ameziahidi familia tano za Kichina za jimbo la jirani kwamba watapewa majivu ya kuanzishia chetezo chao. Walikuwa wanangoja mkubwa wao apone mguu, na wangekuja vuli ijayo. Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alitaka tu kufika hiyo vuli, awape vijiko vyao vitatu, ili siku akifa kuwe na mahali pengine ambapo chetezo hakijazimika.

Niliyasikia yote hayo. Nataka nikiri hapa kwamba niliyasikia, maana baadaye nilijidanganya kwamba sikuelezwa. Niliyasikia kama mtu anavyosikia taarifa ya habari huku akitafuta viatu vyake. Nilichokisikia vizuri ni kwamba bibi yule ananiomba, na kwamba nikikataa hana pa kwenda. Nilijivuta kidogo, nikashusha pumzi ndefu kama mtu anayebebeshwa mzigo, kisha nikakubali. Nikawapa rafu ya juu kwenye kabati la vifaa vya usafi. Siku hiyo nikawaonyesha na feni ya jiko. Bibi aliniinamia mara tatu, nami nikamwacha ainame.

Toka hapo ibada ilihamia juu ya jiko la gesi. Miungu yake mitatu ilitundikwa kwenye mpini wa friji, na mimi nikajiona mtu mwema sana.

Aprili ilikuja na usafi mkuu. Kamati ya ukumbi ingefika Jumamosi kukagua, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja aliyepitisha kidole juu ya kila rafu. Ijumaa nilikuwa na msaidizi, dada mmoja wa Mombasa aliyefanya usafi kwenye hospitali kule Maplewood na kuniongezea nguvu siku za kazi nyingi. Alhamisi jioni, peke yangu, nilifungua lile kabati. Nikakiona chetezo.

Kilikuwa cha shaba, kikubwa kama sufuria ya wali wa watu wanne, na kilikuwa kinatia aibu. Nje kimeota weusi. Ndani kimejaa majivu hadi ukingoni, na juu yake vijiti vyekundu vilivyoungua nusu vimechomoza kama mabua baada ya mavuno. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu chetezo humwagwa kila asubuhi kabla ya chai, na kikikutwa na majivu ya jana, mwenye kusemwa ni binti wa nyumba hiyo. Mama yangu aliwahi kunizaba kofi mbele ya wageni kwa sababu ya chetezo kichafu. Basi mkono ulinitangulia. Niliyamwaga yote kwenye mfuko wa taka, nikakung'uta, nikakizamisha kwenye maji ya moto, nikakisugua kwa siki na chumvi na sufu ya chuma mpaka nikajiona sura ndani yake. Nilisugua kwa saa nzima. Niliimba. Nilikuwa nawaza jinsi yule bibi atakavyofurahi, na nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kusema si kitu, bibi, ni kazi ndogo.

Ijumaa jioni dada wa Mombasa alifungua kabati kutafuta ndoo.

"Ala! Wewe umeki-clean mpaka ndani?"

"Kilikuwa kinanuka uchafu."

"Lakini si uliniambia mwenyewe yule mama alikataza? Ile story ya hekalu, ya kopo la maziwa. Ulikuwa unacheka ukinipa."

Ni kweli. Nilikuwa nimemsimulia, na nilikuwa nimecheka. Nikatoka mbio hadi kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya ukumbi, nikainua mfuniko. Lilikuwa jeupe, halina kitu. Lori hupita Ijumaa saa moja asubuhi. Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu haya hata chini hayakumwagikia. Yalikuwa yameshafika jalalani, chini ya taka za mji mzima.

Ningeweza kumpigia simu yule msichana. Namba ilikuwa imebandikwa pale pale ndani ya mlango wa kabati. Badala yake niliwaza kazi yangu. Nikawaza mwenyekiti wa kamati akiletewa malalamiko, na nikawaza zile funguo zikivuliwa kiunoni pangu na kupewa mwingine. Nikachukua chekecheke la unga jikoni na kwenda kwenye jiko la mkaa lililokuwa uani, lile ambalo wazee wa bingo huchomea soseji za nguruwe. Nikachota majivu. Nikayachekecha.

"Dada, usimfanyie mtu mzima hivyo," dada wa Mombasa akaniambia. "Mwambie tu. Ni accident, ata-understand."

"Majivu ni majivu."

"Haya. Lakini mimi simo," akasema, akabeba ndoo yake akaenda kupiga deki vyooni. Hatukuzungumza tena siku hiyo. Baada ya wiki chache aliacha kuja.

Jumapili bibi alikuja mapema kuliko wote. Nilikuwa nimekaa tayari na maneno yangu. Nilimwambia msichana kwamba nimeng'arisha nje tu, kwa heshima, ndani sijagusa. Msichana akatafsiri. Bibi alikitazama kile chetezo kinachomeremeta, muda mrefu, kisha akachukua vijiti vitatu, akaviwasha, akavichomeka. Vililala. Majivu ya udi ni laini na hushikana, ukichomeka kijiti kinasimama. Haya yangu yalikuwa na chembechembe, na kijiti kilielea ndani yake. Akavisimamisha tena. Vikalala tena. Mara ya tatu alivididimiza hadi vikagusa chini ya shaba, vikasimama vimeinama kidogo. Akapiga magoti. Akainamisha kichwa mpaka kwenye vigae vya jiko, mara tatu, mbele ya majivu ya soseji.

Alipoinuka alinigeukia akasema neno moja. "Amesema asante," msichana akaniambia.

Nilifarijika! Nilirudi nyumbani nikala nikashiba. Nilijiambia hana habari, macho yake hayaoni vizuri, na kama hajui basi hakuna aliyeumia. Aprili hadi Septemba nilimtazama akiinama pale kila Jumapili, na kila Jumapili ilikuwa rahisi kuliko iliyotangulia. Hiyo ndiyo sehemu inayonichukiza zaidi ninapokumbuka. Sikukosa usingizi hata mara moja.

Mwalimu naye alikuwa anaendelea kumpunguza. Agosti alitangaza kwamba wageni wa jimbo la jirani wakija watapewa robo saa tu, mwishoni, na jikoni. Bibi aliuliza kupitia mjukuu kama wageni wangeweza angalau kupita mlango wa mbele, wakiwa wamebeba chetezo chao. Mwalimu alitabasamu. Alisema mbele ya watu wote kwamba mtu anayeng'ang'ania majivu hajaelewa hata ukurasa wa kwanza, na kwamba marehemu mumewe, kama angeishi, bila shaka angekuwa ameshaachana na mambo hayo. Wanafunzi wake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Msichana hakuyatafsiri yale. Alimwambia bibi jambo fupi, na bibi akamwinamia mwalimu.

Wageni walifika Jumapili ya kwanza ya Oktoba, watu sita katika gari moja, wamesafiri saa tano. Mkubwa wao alitembelea mkongojo. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba chetezo kipya, kitupu, kimefungwa kitambaa chekundu, na niligundua kwamba amekipakata kwa namna ile ile ya bibi. Walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Niliwaongoza wapitie mlango wa nyuma, kama nilivyoagizwa, na kuwaambia wangoje uani mpaka mazoezi yaishe.

Hapo ndipo hofu iliponikamata kweli kweli. Mpaka siku ile lilikuwa jambo kati yangu na kizee mmoja. Sasa niliona familia tano zikirudi makwao na vijiko vitatu vya uchafu wa jiko la nyama, zikiinamia hayo maisha yao yote, wao na watoto wao. Nilisimama jikoni nikijiambia: sema. Sema sasa, kabla hajashika kijiko.

Mlango ukafunguliwa. Bibi akaingia na mjukuu wake, akaufunga nyuma yake. Hakwenda kwenye kabati. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu, akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

Msichana akatafsiri. "Bibi anasema anajua majivu haya si yake. Anajua tangu siku ile uliyoking'arisha."

Nilihisi uso wangu unawaka. Katika aibu yote ile, kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa hasira.

"Sasa mbona hakusema? Miezi sita anainama tu?"

Msichana akauliza. Bibi akajibu bila ukali wowote.

"Anasema ungekasirika. Ukikasirika tungefukuzwa, na watu hawa wa mazoezi wangesema ni kosa lake. Anasema tumefukuzwa mara nyingi, anajua inavyoanza."

Kupitia kioo cha mlango niliwaona wale sita wamesimama kwenye upepo, na yule mwanamke ameanza kufungua kitambaa chekundu.

"Hakuja kugombana," msichana akaendelea. "Anataka kujua kitu kimoja tu. Yale ya zamani uliyamwaga wapi? Anasema kama yako mahali, anaweza kwenda kuyachota hapo. Hata kama yamechanganyika na udongo, si neno."

Basi, hapo nilikuwa na nafasi yangu. Aliniwekea ukweli mkononi, hata kuutamka alikuwa ameshanisaidia nusu. Ilibaki neno moja tu: jalalani. Nikamtazama yule bibi mwenye kofia ya sufu, na nikaona kwamba neno lile siwezi kulitoa mbele ya uso wake. Wakati ule niliuita huruma. Haikuwa huruma. Nilitaka tu aache kunitazama.

"Pale nje," nikasema, nikanyoosha kidole. "Kando ya ukuta, pale kwenye udongo. Nilimwaga pale."

Pale ndipo nilipomwaga maji ya deki kila usiku kwa miaka miwili. Maji ya vyoo, ya matapishi ya harusi, yenye klorini. Hata magugu yalikuwa hayaoti.

Msichana alipotafsiri, bibi alifunga macho. Kisha akachukua kijiko cha shaba kutoka mfukoni mwake, akapita mbele yangu, akatoka nje kwenye ule upepo. Aliwaambia wageni wake maneno mengi, akionyesha ukuta, na kwa jinsi alivyojipiga kifuani nilielewa anawaambia kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyemwaga. Mzee wa mkongojo aliinamisha kichwa. Hakuna aliyenitazama mimi.

Bibi alipiga magoti kwenye ule udongo. Alichomeka vijiti vitatu, na vilisimama wima bila kutikisika. Nyuma yake wale wengine nao wakapiga magoti, na nguo zao nzuri, hata yule mwenye mguu mbovu. Mwalimu alichungulia mlangoni, akatazama, akatabasamu, akasema kwa upole kwamba zimebaki dakika tano. Bibi alichota kijiko cha kwanza akakimimina kwenye chetezo cha wageni kwa mikono miwili. Akachota cha pili. Cha tatu mjukuu wake alichuchumaa, akaushika mkono wake, wakakimimina pamoja.

Yule mwanamke alikifunika chetezo chake kwa kitambaa, akakipakata, akaingia nacho kwenye gari. Alikuwa analia kwa furaha. Walipoondoka nilisimama penye maegesho na funguo zangu mkononi. Gari lilisimama kwenye taa ya barabarani, mita hamsini tu kutoka nilipokuwa, na taa ilikaa nyekundu muda mrefu. Ningetembea tu ningelifikia. Nilingoja mpaka ikawa kijani.

Bibi alinijia akiwa na udongo magotini. Alinishika mikono yangu yote miwili, na yake ilikuwa baridi na michafu, akasema jambo refu kidogo kuliko alivyozoea. Msichana akatafsiri.

"Anasema miezi yote hii aliogopa kukuuliza, kwa sababu alidhani umeyatupa kwenye taka. Alikuwa anakuwazia vibaya kila siku, hata akiwa anasali. Anaomba umsamehe."

Bibi alikuwa ananitazama, anangoja jibu.

Nikamwambia nimemsamehe.